Namba ya Mama Mwenye Nyumba

Wanangu mnaoanza kazi ya kukusanya maoni ya wananchi, niwaambie jambo moja kabla hamjabeba katoni za maji na kwenda ukumbini. Mtu wa kwetu ukimpa maikrofoni, anashukuru. Atamshukuru mgeni rasmi, atamshukuru mwenyekiti wa mtaa, atawashukuru hata mliofunga spika, kisha atakaa. Nawe utarudi ofisini uandike kwamba wananchi wameridhika. Ripoti za namna hiyo nimezisoma nyingi, na mabosi walizipenda sana.

Mimi nilikuwa afisa maendeleo ya jamii hapa Songea mpaka nilipostaafu. Majirani zangu wa Bombambili wananiita Mama Haule, na wajukuu zao wananiita Bibi Mkutano. Sikasiriki, maana sehemu kubwa ya maisha yangu imeishia kwenye viti vya plastiki. Kila wakubwa walipotaka kujua watu wanasemaje kuhusu maji, misitu, mipaka ya vijiji, au sheria hii na ile, mimi ndiye niliyetumwa kuwaita, kuwakalisha na kuandika walichosema.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kapinga, Mmatengo mfupi, mpole, mwenye sauti ya chini mpaka ulazimike kumsogelea. Safari yetu ya kwanza tulikwenda Madaba. Nilijiandaa vizuri kweli. Akina mama niliwakalisha mbele kabisa, nikidhani nawapa heshima. Hakuna aliyefungua mdomo. Nikawabembeleza, nikawatania, wapi! Mzee Kapinga alikaa pembeni anachokonoa meno, hanisaidii hata kwa neno moja.

Mkutano ulipofungwa hakupanda gari. Akaniambia, "Binti, acha gari litangulie. Sisi tunatembea na hawa." Tukatembea nao, wao na majembe yao begani, mimi na viatu vyangu vya ofisini. Hatujafika mbali, maneno yakaanza kumwagika: kisima kiko wapi na kilitakiwa kiwe wapi, nani kaziba njia ya kwenda shambani, nani alikula nini. Nikamuuliza mmoja, "Sasa mama, mbona kule hukusema?"

Akanishangaa. "Nitasemaje, na baba mkwe umemkalisha nyuma yangu? Nimempa mgongo asubuhi nzima, hata kukohoa nimeogopa!"

Mzee Kapinga alicheka mpaka akasimama njiani. Tangu siku hiyo, kabla sijapanga kiti hata kimoja, nauliza kwanza nani mkwe wa nani. Nanyi ulizeni hivyo, hata kama ukumbi una viyoyozi.

Kuuliza maswali nilijifunzia Namasakata, kule Tunduru. Nilisimama mbele ya wazee na swali langu la kwenye karatasi: "Mna maoni gani?" Wakajibu kwa pamoja, "Hatuna neno, alhamdulillahi." Nikataka kufunga daftari. Mzee mmoja wa Kiyao, mkulima wa korosho, akanivuta pembeni. "Binti yangu, ukiniuliza maoni unanifanya mbunge. Niulize kitu gani kimenikera juzi." Nikarudi, nikauliza nini kimewakera. Tulikaa mpaka adhuhuri ikaingia, wakaenda kuswali, wakarudi, wakaendelea pale pale walipoachia. Karatasi ziliniishia nikawa naandika nyuma ya bahasha.

Njia za kazi zilibadilika, na mimi nikabadilika nazo kwa kulalamika. Zilikuja karatasi kubwa za kubandika ukutani na kalamu za rangi. Ikaja redio ya kurekodi sauti, na watu wakiiona wanaanza kuongea kama wanasoma taarifa ya habari. Vikaja vishikwambi. Lakini kitu kimoja hakikubadilika kamwe, nacho ni karatasi ya mahudhurio. Jina, mtaa, namba ya simu, sahihi. Inapita mkono kwa mkono siku nzima, kila mtu anasoma ya mwenzake. Wiki haiishi, waliohudhuria wanaanza kupata meseji za mbegu za mahindi, za waganga wa nyota, na ile meseji ya "tuma kwenye namba hii". Hakuna aliyejiuliza namba zilitokea wapi. Tuliona ndivyo dunia ilivyo.

Nilikuwa nimeshazoea kustaafu, na mboga zangu uani zinaendelea vizuri, nilipopigiwa simu. Kuna timu inakuja kutoka Dodoma. Sheria ya kulinda taarifa za watu ipo, lakini biashara zimebadilika haraka kuliko sheria, kwa hiyo wanataka kuiboresha upande wa sekta binafsi: maduka, hospitali za watu binafsi, shule, kampuni za simu, waajiri. Wanapita mikoani kusikia maoni. Je, Mama Haule anaweza kusaidia kuwaita watu na kuwakalisha? Nikajifanya nafikiria kidogo, lakini moyoni nilishakubali.

Aliyeongoza timu alikuwa wakili kijana, Zuhura, binti wa Tanga. Alifika kwangu mwenyewe kabla ya mkutano, akanipa shikamoo, akakaa kwenye kigoda jikoni. Akaniuliza, "Mama, hapa nikisema taarifa binafsi watanielewa?"

"Watakuelewa nusu," nikamwambia. "Waambie, mambo yako ambayo duka linayajua."

Akalirudia polepole, akaliandika. Nilimpenda tangu hapo.

Sasa niwaeleze kuhusu Mama Neema. Hilo si jina lake, na mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyabadili. Nimemsomea haya yote kabla ya kuyatoa, naye akasema, "Andika tu, dada." Mama Neema ana kifafa tangu utotoni. Anameza dawa kila siku na hajaanguka kwa miaka mingi. Lakini mnajua watu wetu na kifafa. Kuna wanaoamini ukishika kikombe cha mgonjwa umekwisha, na kuna wanaoamini kwamba mwanamke mwenye kifafa damu yake yote ina ugonjwa huo mpaka kwa wajukuu.

Zamani kidogo alikuwa amepanga chumba upande mwingine wa mji, anapika kwenye mgahawa, na dawa ananunua kwenye duka moja ambalo siku hizi halipo. Dukani wakamuuliza namba ya simu, ili dawa zikiletwa wamjulishe. Yeye hakuwa na simu. Akafanya kile ambacho sote tumewahi kufanya: akatoa namba ya mama mwenye nyumba. Nani kati yenu hajawahi kutoa namba ya jirani? Benki, shuleni, kwa fundi, tunatoa namba ya aliye karibu, tunasema, "Ukimpata huyo umenipata mimi."

Basi mchana mmoja meseji ikaingia. Ndugu mteja, dawa zako za kifafa zimefika, karibu. Mama mwenye nyumba macho yake hayakuwa mazuri, akawaita watoto wamsomee. Wakaisoma kwa sauti, pale uani, watu wanafua. Hakuna aliyekusudia ubaya, si duka, si mama, si watoto. Jioni kikombe cha Mama Neema kilikuwa kimewekwa peke yake juu ya jiwe. Wiki ile ile wakamwambia mgahawani apumzike kwanza, na mapumziko hayo hayakuisha. Akamchukua binti yake wakahamia Bombambili.

Huku kwetu walijua wanawake wa jumuiya yetu ya sala tu, tena kwa sababu aliwaambia mwenyewe. Wakanyamaza. Sikuwahi kusikia hata mmoja akiteleza, na wanawake hao nawafahamu, kunyamaza si kipaji chao.

Siku moja kabla ya mkutano Mama Neema akaja kwangu. Wakati huo Neema alikuwa amechumbiwa, barua imeshajibiwa, imebaki kupanga siku. Mama wa kijana, nitamwita Mama Gama, anauza nafaka sokoni, na alikuwa amealikwa mkutanoni kuwawakilisha wenzake. Nilijua, maana niliyemwalika ni mimi.

"Mama Haule, kesho nataka kusema," akaniambia.

"Andika kwenye karatasi, tutatumbukiza kwenye sanduku la maoni. Hakuna atakayejua."

"Karatasi haiulizwi swali. Nataka waniulize, niwajibu. Hawa watu wakishaondoka Songea nitawapata wapi tena?"

"Mama Gama atakuwepo. Mfikirie Neema."

Akasema, "Nani amekwambia ninamfikiria mtu mwingine? Huyu mtoto kesho atakuwa na nyumba yake, atakwenda maduka hayo hayo, atatoa namba ya wifi yake." Akachukua khanga yake akaondoka. Nilibaki nimekasirika, nikijiona nimeshindwa kumzuia mtu anayekwenda kumvunjia mwanawe uchumba. Kazi yangu yote nilikuwa nawabembeleza watu waseme, na siku hiyo nikatamani mmoja anyamaze.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Zuhura akaeleza kwa Kiswahili chepesi kwamba leo hakuna karatasi ya mahudhurio, na si lazima mtu kutaja jina wala mtaa. Watu wakaguna. Mmoja akauliza, "Sasa mtatupataje?" Wengine wakamuunga mkono. Wa kwanza kusimama alikuwa dereva mstaafu wa malori, suti imepigwa pasi ikanyooka. Akataja jina lake la ubatizo, jina la baba, ukoo, mtaa wa Lizaboni karibu na nani, kisha akasema, "Malalamiko yangu, mwenyekiti, ni kwamba namba yangu ya simu kila mtu anayo. Namba yenyewe ni sifuri saba..."

"Mzee wangu, ishia hapo hapo!" Zuhura akasema, na ukumbi ukaangua kicheko. Mzee mwenyewe akacheka, ila akaniomba baadaye nimwandikie Zuhura hiyo namba.

Kisha akasimama Mama Happy wa jumuiya yetu, mnene, mchangamfu, mtu ambaye sijawahi kumwona anaumwa hata mafua. Akashika maikrofoni kwa mikono miwili. "Mimi nina ugonjwa wa kifafa," akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Sikuwa na simu. Dukani nikatoa namba ya mama mwenye nyumba." Akaeleza mpaka pale meseji ilipotumwa, akakaa.

Jirani yake akasimama. "Na mimi nina kifafa. Kwangu meseji ilisomwa na watoto, watu wanafua." Akaeleza ya kikombe. Akasimama wa tatu, Bibi Skola, mzee kuliko wote pale, akasema na yeye ana kifafa, na mgahawani walimfukuza, tena wakamfungulia mbwa. Katika kisa cha kweli hapakuwa na mbwa. Bibi Skola hawezi kusimulia jambo bila mnyama.

Hapo nikaelewa. Walikuwa wamekaa pamoja jioni bila kunishirikisha, wakagawana kisa cha mwenzao kama wanavyogawana masomo ya Jumapili. Nilimtazama Mama Gama. Alikuwa amekaa safu ya tatu, mikono mapajani, uso haunielezi kitu.

Wa nne akasimama Mama Neema. Sauti ilimtetemeka mwanzoni. "Mimi pia," akasema. "Ninachoomba ni hiki. Duka likitaka kuniita, liandike njoo dukani, basi. Ugonjwa lisiutaje. Na kabla ya kuandika namba, liniulize kama simu ni yangu, na kama si yangu ni nani anaisoma. Nikihama niseme ifutwe, na ifutwe kweli."

Zuhura akaweka kalamu chini. "Mama, na kama dawa ni ya haraka, mtu asipoelewa ujumbe akachelewa?"

"Mgonjwa anajua anasubiri nini," Mama Neema akajibu. "Ukimwambia njoo, atakuja. Asiyehusika ndiye hatakiwi kuelewa."

"Na ukikataa kutoa namba kabisa, duka likuuzie?"

"Liniuzie. Nimekuja na cheti cha daktari, sijaja kuomba urafiki."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na Zuhura akaandika kwa muda mrefu. Sauti ya Mama Neema ilikuwa imeshatulia. Nikasema moyoni, sasa akae, tuendelee na mengine, imepita salama. Lakini mwanaume mmoja wa pembeni, kijana wa duka la vifaa vya umeme, akanyoosha mkono bila kusubiri ruhusa.

"Mwenyekiti, hii jumuiya nzima ina kifafa? Si tuambiwe mwenyewe ni yupi?"

Kicheko cha safari hii hakikuwa kizuri. Watu wakaanza kugeuka, kuwatazama wale wanawake mmoja mmoja, kuchagua. Macho yakapita kwa Mama Happy, yakapita kwa Bibi Skola. Mama Neema aliinamisha kichwa, na nikajua akikiinamisha zaidi ya hapo watamjua. Zuhura alikuwa anainuka kukemea. Mama Gama akamtangulia.

Alisimama taratibu, akavuta kitenge chake kikakaa sawa. Hakuomba maikrofoni.

"Niandikeni na mimi," akasema. "Mimi nina kifafa. Na aliyecheka asimame, ataje ugonjwa wake."

Yule kijana wa umeme akatazama viatu vyake. Ndipo kutoka nyuma yule dereva mstaafu wa Lizaboni, mwenye suti, akainuka kwa taabu. "Mimi nina bawasiri," akasema, "na dukani walinitajia mbele ya foleni."

Jamani! Sijawahi kusikia ukumbi ukicheka vile, kicheko cha kutua mzigo. Mwingine akadai ana ngiri. Mwalimu mmoja mgeni mjini akaanza kueleza tumbo lake. Zuhura alikuwa amesimama, mikono juu, anacheka huku anasihi, "Jamani, jamani, hayo msiyataje! Ndiyo hayo tumekuja kuyalinda!" Baada ya hapo watu walisema mpaka chakula kikapoa. Kampuni zinazopiga simu alfajiri, shule zinazobandika picha za watoto, waajiri wanaotaka ukipimwa, majibu wapewe wao. Nikakumbuka ripoti zote za shukrani nilizowahi kusoma. Wiki kadhaa baadaye Zuhura alinipigia kuniambia maombi ya akina mama wa Bombambili yameingia kwenye taarifa yao, kama yalivyosemwa. Sheria yenyewe bado inapikwa, na siwezi kuwaahidi itaiva vipi.

Lakini Mama Neema hakufurahi hata kidogo. Jioni ya mkutano alikaa kwangu akiuma ncha ya khanga. Mama Gama amejua au hajajua? Amesimama kwa sababu ya huruma, au ni hasira kwamba amefichwa? Na Jumapili wanakuja kupanga siku ya harusi. Au wanakuja kuvunja uchumba? Nilimwambia atulie, huku mimi mwenyewe najiuliza hayo hayo.

Jumapili wakaja nyumbani kwa Mama Neema. Mimi nilikaa upande wa bibi harusi, kama mkubwa wa familia. Mama Gama alileta maharage na dagaa wa Nyasa, akaamkiwa, akaketi. Wazee wakaongea ya kwao, siku ikapangwa, wanaume wakatoka uani kupunga upepo. Tukabaki sisi watatu na Neema, aliyekuwa anakusanya sahani. Mama Gama akamtuma Neema akamletee ndoo aliyodai ameisahau kwa jirani. Mlango ulipofungwa akasema, bila kututazama, huku anachambua maharage aliyoyaleta mwenyewe:

"Mkwe, juzi sikuuliza ni nani. Leo pia siulizi. Kijana wangu anamtaka Neema, na mimi namtaka. Mengine ni yako. Ukitaka kunipa utanipa, usipotaka ni yako."

Mama Neema akainuka, akaingia chumbani, akarudi na pakiti ya vidonge mkononi, wazi kabisa, akakaa mahali pale pale karibu na mkwe wake.

"Mkwe," akasema, "naomba maji nimeze dawa."

Mama Gama akafuta mikono kwenye kitenge, akanyanyuka, akachota maji mtungini kwa kikombe kilichokuwa mbele yake, kile kile alichotoka kunywea yeye, akampa.